Kwa Nini Priampu ya Besi Tuiite Kiandalizi

Anayetaka kujiundia priampu ya kufunga ndani ya gitaa la besi hahitaji vifaa vingi. Chipu moja, rezista na kapasita chache, betri ya volti 9, waya wa kulehemia na kipande cha bodi kisichozidi ukubwa wa kiberiti vinamtosha. Kinachomkwamisha mtu anayejifunza kazi hii kwa Kiswahili ni jina la kitu chenyewe. Wanamuziki na mafundi husema "priampu", na neno hilo linatosha kati ya watu wanaoijua tayari. Lakini mtu anapoulizwa priampu ni nini, jibu la haraka ni kulikata neno la Kiingereza vipande viwili na kutafsiri kila kipande: pri ni awali, ampu ni kikuza sauti, basi ni "kikuza sauti cha awali". Nashikilia kwamba tafsiri hiyo inapotosha katika vipande vyote viwili, na kwamba upotoshaji wake unaingia hadi mkononi mwa fundi, akajenga kifaa kibaya kwa sababu jina lilimwelekeza vibaya. Neno ninalolipendekeza badala yake ni kiandalizi.

Tuanze na "awali". Katika zama za vali, mashine za kusikilizia muziki nyumbani ziliweza kugawanywa makasha mawili. Kasha moja lilibeba transfoma nzito na vali zenye joto za kusukuma spika. Lingine likakaa karibu na msikilizaji, likiwa na vitufe vya volumu na vya kurekebisha sauti. Hili la pili lilitangulia lile la kwanza katika safari ya mawimbi ya umeme, likaitwa priampu kwa sababu ya mahali lilipokaa. Jina halikusema lolote juu ya kazi yake. Jina lilelile limepewa vitu vingine pia: saketi inayopokea mawimbi ya sindano ya santuri, saketi inayopokea mawimbi ya maikrofoni, na ile inayofichwa ndani ya mwili wa gitaa. Kila kimoja kinatangulia kitu fulani, lakini kutangulia ni sifa ya kila kifaa isipokuwa cha mwisho. Hata pikapu ya gitaa inatangulia, na waya wa jeki vilevile.

Kipande cha pili, "kikuza", ndicho chenye madhara zaidi, na ili kuyaona inabidi tuingie ndani ya besi yenyewe. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, mizunguko maelfu kwa maelfu, na uzi wa chuma unapotetema juu yake huzaa volti ndogo katika koili hiyo. Koili ya namna hii hupinga mabadiliko ya mkondo, na upinzani huo hupimwa kwa henri. Tuchukue pikapu yenye henri 4, kiwango cha kawaida. Waya wa jeki nao, kwa kuwa ni waya wa kati uliozungukwa na wavu wa waya kwa urefu wote, huhodhi chaji kidogo kama kapasita. Waya wa kawaida huhodhi pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Koili na waya vikiunganishwa vinakuwa saketi moja yenye masafa yake ya kilele, na juu ya kilele hicho sauti huporomoka. Pikapu hiyo peke yake, ikiwa na pikofaradi 150 tu za ndani, kilele chake kiko kwenye hezi 6,500 hivi. Ikiungwa kwenye waya wa mita tano na nusu, jumla ikafika pikofaradi 700, kilele kinashuka hadi hezi 3,000. Ule mlio mkali wa kidole kikigonga uzi, unaomwezesha msikilizaji kusikia kila nota ikianza, unabaki njiani. Mpigaji akipunguza volumu mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu potenshometa ya kiloomu 250 ikiwa katikati huongeza ukinzani wa zaidi ya kiloomu 60 mbele ya waya uleule. Ndiyo maana besi ya aina hii ikipunguzwa volumu husikika kana kwamba imefunikwa blanketi.

Hapa ndipo kazi halisi ya priampu inapoonekana. Ukiweka chipu ndani ya gitaa, yenye mlango wa kuingilia wa megaomu 1, pikapu haiuhisi tena waya wa jeki. Inatoa volti zake bila kubebeshwa mzigo, na chipu inazipeleka nje kwa ukinzani mdogo, kiloomu 1 hivi, ambao waya wa mita tano au kumi hauwezi kuutikisa: upotevu unaanzia mbali juu ya hezi 20,000, mahali ambapo sikio la binadamu limekwisha kuacha kusikia. Katika kazi yote hiyo si lazima volti ziongezwe hata kidogo. Kinachoingia milivolti 200 kinaweza kutoka milivolti 200 zilezile, na besi ikasikika imezinduka. Kwa jina la "kikuza sauti cha awali" hatuna budi kusema kuwa hiki ni kikuza kisichokuza. Istilahi inayolazimisha sentensi kama hiyo katika mfano wake wa msingi kabisa haijafanya kazi yake.

Historia ya chombo inaunga mkono hoja hii, ingawa haikosi sehemu inayoipinga. Besi ya Precision ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1951, haikuwa na betri. Ilikuwa pikapu, potenshometa mbili na kapasita moja, na imerekodi muziki usiohesabika. Kati ya waliofungua mlango wa betri ni watu wa Alembic huko California, kampuni iliyoanza mwaka 1969 kati ya mafundi waliokuwa karibu na bendi ya Grateful Dead. Mhandisi wao Ron Wickersham aliona kwamba pikapu zikizungushiwa waya mchache zinatoa sauti safi na pana zaidi, lakini zinatoa volti chache; kwa hiyo akaweka saketi ndani ya gitaa ili kufidia. Mwaka 1972 wakamkabidhi Jack Casady, mpiga besi wa Jefferson Airplane, besi iliyojengwa kwa fikra hiyo. Mtetezi wa "kikuza" atasema: hapo palikuwa na kukuza. Ni kweli. Lakini tutazame mpangilio wa sababu. Lengo lilikuwa usafi wa sauti. Udhaifu wa volti ulikuwa gharama ya lengo hilo, na kukuza kukaja kulipa deni. Kisha mwaka 1976 Music Man, kampuni ambayo Leo Fender mwenyewe alishiriki kubuni ala zake, ilitoa StingRay, besi ya kiwandani yenye betri ya volti 9 na vitufe vya kurekebisha sauti nzito na sauti nyembamba. Walioipenda waliipendea sura ya sauti yake, ule ukali wa juu na uzito wa chini unaojitokeza hata katikati ya ngoma na magitaa. Kelele ya kutosha tayari ilikuwa kwenye amplifaya.

Sasa turudi kwa anayejiundia, kwa sababu ndiye ninayemjali zaidi katika suala hili. Akiamini kwamba anatengeneza kikuza, ataongeza ukuzaji, maana ndivyo jina linavyomwambia. Betri ya volti 9 hugawanywa katikati kwa rezista mbili zilizo sawa, ili mawimbi yapate nafasi ya kupanda na kushuka kuanzia volti 4.5. Chipu kama TL062 haifiki mwisho wa nafasi hiyo juu wala chini, kwa hiyo kinachobaki kwa matumizi ni volti 3 na ushei kila upande. Pikapu yenye nguvu, uzi ukipigwa kwa dole gumba, inaweza kutoa volti 1 kwa muda mfupi wa mwanzo wa nota. Ukizikuza mara 10, kama wanaoanza wanavyofanya kwa nia njema, vilele vya mawimbi vinakatwa na sauti inakwaruza. Hata kukuza mara 2 tu, kisha kuzungusha kitufe cha sauti nzito hadi kuongeza desibeli 12, ambazo ni mara 4 nyingine, kunavuka mpaka. Wapo wanaoweka betri mbili zifike volti 18 kwa sababu hiyo. Aliyeelewa tangu mwanzo kwamba kazi ni kuandaa angeanza na ukuzaji wa mara 1, akasikiliza, na huenda asingeongeza kitu.

Vitufe hivyo vya sauti nzito na nyembamba navyo ni sehemu ya kuandaa. Saketi zake nyingi zinatokana na ile aliyoichapisha Mwingereza Peter Baxandall mwaka 1952, ambamo sehemu ya mawimbi yanayotoka hurudishwa nyuma kupitia kapasita na potenshometa, hata kitufe kikiwa katikati sauti inapita bila kuguswa. Saketi hiyo inaweza kupunguza sawasawa na inavyoongeza. Kifaa ambacho nusu ya mzunguko wa kitufe chake ni kupunguza hakistahili jina la kukuza.

Pengine mtu aulize kwa nini nisiache neno "priampu" libaki, kwani Kiswahili kimepokea redio, betri, transista na amplifaya bila kudhurika. Sina ugomvi na ukopaji, na makala haya yenyewe yamejaa maneno ya mkopo. Jukwaani litaendelea kutamkwa, wala hakuna baraza litakalolizuia. Lakini neno la mkopo ni kama mlango uliofungwa: anayejua kilichomo ndani hahitaji kuufungua, asiyejua hapati hata ufa wa kuchungulia. Kwa fundi aliye mbele ya mchoro wa saketi, ufa huo una thamani. Na lugha yetu imeonyesha mara nyingi kwamba inaweza kuupasua. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, kila nyumba yenye televisheni ya kawaida ilihitaji kisanduku kipya, na watu wakakiita king'amuzi, kitu kinachong'amua kilichofichwa katika mawimbi. Lipo pia kisimbuzi, lililo karibu zaidi na dhana ya kufumbua msimbo. Yote mawili yamejengwa juu ya kazi. Mita ya umeme ya kulipia kabla nayo ilikuwa na kiambishi kilekile cha kutangulia katika Kiingereza, lakini iliingia majumbani kama LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, jina linalomweleza mtumiaji mita inafanya nini.

Upo pia mfano wa onyo. Kipaza sauti ni neno zuri, lakini kwa kuwa limejengwa juu ya wazo pana la sauti kuongezeka, limemeza vifaa viwili visivyofanana: anachokisemea mhubiri, na pembe iliyofungwa juu ya paa inayowafikishia watu maneno yake. Cha kwanza hugeuza sauti kuwa umeme, cha pili hugeuza umeme kuwa sauti. Tukiongeza "kikuza sauti cha awali" katika ukoo huo, tutakuwa na jina jingine linalosema jambo lilelile juu ya kifaa kingine kabisa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa studio. Priampu ya maikrofoni, watasema, hukuza kwelikweli, pengine desibeli 60, yaani mara 1,000. Je, tuwe na jina moja la besi na jingine la maikrofoni? Hapana, na hapa ndipo kiandalizi kinapolishinda kikuza. Kitenzi si kuandaa tu, bali kuandalia: kuandaa kwa ajili ya mwingine anayesubiri. Kutoka hapo ndipo tulipopata maandalizi na mwandalizi. Mawimbi ya maikrofoni huandaliwa kwa kukuzwa mara nyingi, kwa sababu hicho ndicho hatua inayofuata inachohitaji. Mawimbi ya santuri huandaliwa kwa kukuzwa na pia kwa kurudishiwa uzito uliopunguzwa makusudi wakati wa kuichonga. Mawimbi ya besi huandaliwa kwa kupunguziwa ukinzani. Kukuza ni njia mojawapo ya kuandaa, na kiasi chake hutegemea aliye mbele. Jina linalobeba jamii nzima linakaa vizuri juu ya kila mwanajamii. Jina la mmoja wao haliwezi.

Kwamba neno ni pana mno nakubali kwa kiasi, na dawa yake ni ile tuliyozoea katika kinasa sauti na kipaza sauti, ya kuongeza nomino: kiandalizi mawimbi, pale ambapo muktadha hautoshi. Kile kinachofungwa ndani ya ala ni kiandalizi cha ndani. Na besi yenye kifaa hicho sioni haja ya kuipachika sifa ngumu. Besi ya betri inatosha, na mnunuzi ataelewa papo hapo kwamba betri ikiisha sauti inazimika, na kwamba asiache jeki imechomekwa usiku kucha, kwa sababu katika besi nyingi za namna hii jeki ndiyo swichi: plagi ikiingia hukamilisha njia ya upande hasi wa betri.

Jaribio la mwisho la istilahi ni maandishi ya kando ya mchoro. Kwenye mchoro wa saketi niliyoieleza hapa, fundi anaweza kuandika bila kujipinga: kiandalizi cha ndani, ingizo megaomu 1, tokeo kiloomu 1, ukuzaji mara 1, betri volti 9.