Somo la Historia: Usafi wa Wodi Hukaguliwaje?

Fungueni madaftari. Maneno mapya ya leo ni matatu: wodi, kukagua, klorini. Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni, nanyi myasome pamoja kwa sauti.

Tuanze hapa hapa ziwani. Mwezi wa Mei mwaka 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha pwani ya ziwa, kaskazini ya Kigoma. Mbele yao palikuwa na maji, na nyuma milima mirefu. Meli ya Liemba ikawaleta Kigoma mjini, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Lakini kipindupindu kilisafiri pamoja nao. Kufikia tarehe 22 Mei walikuwa wameugua watu wapatao 3,000, na 31 wamekufa. Wawili kati yao walikuwa wenyeji.

Ugonjwa huu hutoka katika choo na matapishi ya mgonjwa, ukaingia kinywani mwa mwingine kwa maji, chakula au mikono. Kwa hiyo katika wodi ya kipindupindu usafi ni sehemu ya matibabu. Maji ya klorini huchanganywa kwa nguvu tatu: hafifu ya kunawia mikono, ya kati ya kusafishia sakafu na vitanda, na kali ya kumwagia choo na matapishi. Mtu akikosea ndoo, sakafu itang'aa, na vidudu vitabaki hai. Basi, mkaguzi atajuaje?

Swali hili ni la zamani. Watu wa kale walikagua kwa macho na pua. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wengi wakifa kwa homa ya uzazi. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha. Mikono yao ilikuwa imenawa kwa sabuni, lakini bado ilinuka. Akawaamuru wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Naye hakuitegemea pua peke yake, bali alihesabu. Mwezi wa Aprili, katika kila wazazi 100 walikufa 18. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu. Hesabu ikawa shahidi. Lakini shahidi huyu huchelewa, maana huhesabu waliokwisha kufa.

Ndipo ikatafutwa njia ya kujua mapema. Huko Marekani, daktari Philip Carling na wenzake walitia alama ndogo, zisizoonekana kwa macho, juu ya vitu vinavyoshikwa sana katika vyumba vya wagonjwa. Baada ya usafi walirudi na taa maalum. Alama ikiwaka, kitu hicho hakikufutwa. Mwaka 2008 walitangaza habari za hospitali 23: vitu vilivyosafishwa havikufikia nusu. Masinki yalisuguliwa vizuri, lakini vitasa vya milango na swichi za taa zilisahauliwa. Kikulacho ki nguoni mwako!

Je, wafagizi walifukuzwa? La. Walionyeshwa alama zilizobaki, wakafundishwa, na kazi yao ikawa bora sana. Hilo ndilo fundisho la historia hii: ukaguzi mwema humfundisha mfanyakazi. Mkubwa anayekagua wodi naye ajiulize: je, mfagizi amepewa maji ya kutosha, klorini, glavu, na mtu wa kumwelekeza? Bila hivyo, kumlaumu ni kumwonea.

Sasa jibuni katika madaftari:

1. Kwa nini sakafu inayong'aa inaweza kuwa na vidudu?
2. Semmelweis alitumia shahidi gani?
3. Katika zahanati ya kwenu, ni vitu gani vinavyoshikwa na mikono mingi? Andikeni vitano.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.