Ufuatiliaji wa Seva ya Simu kwa Taarifa za Matukio

Ufuatiliaji wa seva ya simu kwa taarifa za matukio ni njia ya kusimamia mtambo wa simu ambamo mtambo wenyewe hutoa habari kila jambo linapotokea: simu imeingia, simu imekatika, laini ya nje imezimika, mtu amekosea nenosiri. Njia nyingine ni kuiuliza seva kila baada ya dakika kadhaa kama iko hai. Tatizo ni kwamba seva inaweza kujibu kuwa iko hai huku wapigaji wote wakirudishwa, na anayeridhika na jibu hilo huchelewa kujua kuna hitilafu.

Mfano unaofahamika sana ni Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Hugeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu wa ofisi, hoteli au kituo cha huduma kwa wateja. Sehemu yake ya usimamizi, AMI, husikiliza kwenye poti 5038 ya TCP. Programu ya ufuatiliaji hujitambulisha kwa jina na nenosiri, kisha hubaki imeunganishwa na kupokea matukio kwa maandishi ya kawaida. Kila mstari una jina la kipengele, nukta mbili, kisha thamani yake; mstari mtupu huonyesha kwamba tukio limekwisha.

Tukio linalostahili kuangaliwa kuliko yote ni Hangup, ambalo hutolewa kila simu inapokatika. Ndani yake mna jina la chaneli, namba ya kuitambulisha simu hiyo, na mstari wa Cause wenye namba ya sababu. Namba hizo hufuata kiwango cha Q.850 cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Namba 16 ni mazungumzo yaliyokwisha kwa kawaida, 17 ni aliyepigiwa kuwa anaongea na mwingine, 19 ni simu iliyoita bila kupokewa, na 34 ni kukosekana kwa njia ya kupitishia simu. Namba 34 ikitokea mara moja saa nne asubuhi, si neno. Zikifuatana kumi ndani ya dakika mbili, ama njia zimejaa ama kuna hitilafu kwa mtoa huduma. Ofisi iliyounganishwa kwa laini moja ya E1, kiwango kinachotumika Afrika Mashariki na Ulaya, kwa kawaida ina njia 30 za mazungumzo, hivyo anayepiga wa 31 ndiye anayekwama. Kwa kuhesabu namba hizi siku baada ya siku, msimamizi anapata hoja ya kuomba laini ya pili kabla wateja hawajaanza kulalamika.

Laini ya E1 ikizimika kabisa huja tukio la Alarm, na ikirejea huja AlarmClear. Hali ya simu za mezani huletwa na PeerStatus. Katika moduli ya zamani ya chan_sip, iliyoondolewa kuanzia toleo la 21 la mwaka 2023, seva hupima muda ambao simu inachukua kujibu ujumbe wa kuiulizia. Jibu likichelewa kupita kiwango, hali huwa Lagged. Likikosekana, huwa Unreachable. Simu inayobadilika hali hivyo mchana kutwa mara nyingi haina kosa: mtandao wa jengo ndio umelemewa.

Matukio ya usalama yasipuuzwe hata kidogo. Wezi wa simu hupekua intaneti wakitafuta seva, hubahatisha manenosiri, kisha hupiga namba za nje zenye gharama kubwa, mara nyingi usiku wa mwisho wa juma ofisi zikiwa tupu. Mfululizo wa InvalidPassword kutoka anwani moja ni dalili ya wazi, na anwani hiyo yafaa ifungiwe papo hapo kwa programu, maana bili ikishafika ni mzozo na mtoa huduma.

Kusikiliza kila kitu nako ni kosa. Simu moja tu huzalisha matukio mengi, na VarSet, linalotolewa kila kigeu kinapopewa thamani, huyafunika mengine. Faili la manager.conf huruhusu kuyachuja. Humo pia ndimo haki za akaunti zinapowekwa, na akaunti ya ufuatiliaji ipewe haki ya kusoma, na katika kuandika ile ya kuuliza hali (reporting) pekee, kwani mwenye haki pana ya kuandika anaweza kuanzisha simu au kuendesha amri kwenye seva. Kwa kuwa poti 5038 hupitisha maandishi yasiyofichwa, ibaki ndani ya seva yenyewe kwenye 127.0.0.1, au itumike TLS, inayoyaficha.

AMI haimhifadhii matukio msikilizaji aliyekatika. Akirudi hapewi yaliyompita, hivyo humlazimu aulize upya hali ilivyo, kwa mfano kwa amri ya CoreShowChannels inayoorodhesha simu zinazoendelea. Muunganisho nao unaweza kufa kimyakimya, kwa hiyo msikilizaji makini hutuma Ping kila mara na kungoja Pong. FreeSWITCH, mtambo mwingine huria, ina tukio la HEARTBEAT, ambalo kwa mpangilio wake wa awali hutoka kila sekunde 20 likiwa na idadi ya simu zinazoendelea. Yakikosekana mawili mfululizo, programu ya ufuatiliaji huunganisha upya na kumtumia fundi wa zamu ujumbe.