Celica: chuma cha milango miwili kilichotawala vumbi la Safari Rally, na wenye nacho wanavyokisema

Leo tunawapumzisha mastaa kidogo, tunaingia kwenye umbea wa magari. Na usidhani ni umbea mdogo. Humu ndani kuna ushindi, kuna udanganyifu, kuna timu kubwa iliyofungiwa mwaka mzima, na kuna jamaa wa hapa kwetu Kilindoni ambaye sasa hivi hapati usingizi kwa sababu ya gari. Kaa vizuri.

Kwanza shika hili: kati ya mwaka 1984 na 1995, Safari Rally ya Kenya, moja ya mbio za magari ngumu kabisa duniani, ilichukuliwa mara 8 na Toyota Celica. Mara nane! Gari ya milango miwili, ile ile ambayo leo ukipita nayo Kariakoo watu wanakuuliza, "Sasa hii abiria wa nyuma anaingilia wapi?"

Gari za namna hii zinaitwa kupe. Sio kupe wa ng'ombe, ingawa ukimuuliza mmiliki yeyote hali ya pochi yake atakwambia tofauti sio kubwa. Neno limetoka Kifaransa, maana yake "iliyokatwa". Enzi za magari ya farasi waliyakata yale makubwa, yakabaki na nafasi ya watu wawili tu. Yaani tangu zamani ni gari ya mtu ambaye hana mpango wa kubeba ukoo.

Vumbi ni letu wenyewe

Mbio zenyewe zilianza 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa. Wakoloni wakaamua kusherehekea kwa kukimbiza magari kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo, na huku kwetu zilipita. 1960 zikapewa jina la East African Safari, na kuanzia 1974 zikabaki ndani ya Kenya peke yake kwa jina la Safari Rally.

Wajapani ndio waliozipenda kupita maelezo. Walikuwa wanataka kuuaminisha ulimwengu kwamba gari zao sio za karatasi, na hakuna mtihani uliozidi huu: maelfu ya kilomita za vumbi, matope, mawe na wanyama, siku kadhaa mfululizo. Ukimaliza tu, umeshinda nusu.

Kabla ya Celica kulikuwa na kupe nyingine, Datsun 240Z. Pua ndefu, siti mbili, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller wakaipeleka kwenye ushindi. 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, na hapa ndipo stori inapoingia moyoni. Mehta ni mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja nyuma Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, na familia yake ikahamia Kenya. Mtu kapoteza nyumbani, halafu mwaka unaofuata anashinda mbio kubwa kuliko zote Afrika Mashariki! Tena alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta akapewa. Alikuja kushinda Safari mara 5 kwa jumla.

Celica inaingia mjini

Celica ilianza kuuzwa Japani Desemba 1970. Jina lina asili ya Kilatini, maana yake ni kitu cha mbinguni. Lakini iliyoifanya iheshimike ni ardhi ya huku.

1984 Björn Waldegård wa Sweden akashinda na Celica Twin Cam Turbo. 1985 akaja kijana wa Finland, Juha Kankkunen. Ilikuwa Safari yake ya kwanza kabisa, hajui hata punda milia anavukaje barabara, akashinda. 1986 Waldegård tena. Na jua kwamba miaka hiyo wenzao Audi na Peugeot walishakuwa na magari yanayovuta tairi zote nne. Celica ilikuwa inasukuma kwa tairi za nyuma tu, kama Mark II ya jirani yako. Kwa mbio fupi za Ulaya ilikuwa inaachwa. Huku kwetu mwendo peke yake hautoshi, lazima gari ivumilie, na Celica ilivumilia.

Baadaye wakatoa Celica GT-Four, hiyo sasa inavuta tairi zote nne. Waldegård akashinda nayo 1990 akiwa na miaka 46. Carlos Sainz 1992. Mwaka 1993 ndio ilikuwa balaa: Toyota walimaliza nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kankkunen mbele, na nafasi ya tatu alikuwepo Ian Duncan wa Kenya. 1994 Duncan akasema basi, sasa ni zamu ya mwenyeji, akashinda mwenyewe. 1995 Yoshio Fujimoto akawa Mjapani wa kwanza kushinda.

Kwa nini hii inamhusu mtu wa kawaida? Kwa sababu sheria za mbio wakati ule ziliwalazimisha watengenezaji wauze kwanza maelfu ya gari za aina hiyo kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo Celica iliyokuwa dukani ilikuwa ndugu wa damu wa ile iliyokuwa matopeni. Leo ni tofauti kabisa, gari ya mbio na gari ya dukani zinafanana sura tu.

Ule udanganyifu sasa

Mwaka huo huo 1995, sio Kenya bali kwenye mbio za Catalunya kule Hispania, wakaguzi wakafungua injini ya Celica. Sheria ilisema kila turbo iwekewe kizuizi cha hewa ili magari yasizidiane nguvu kupita kiasi. Toyota walikiweka. Ila kilikuwa kimetengenezwa kiujanja, kikishafungwa kinasogea kidogo na kuachia hewa ipite pembeni. Ukikifungua kukikagua, kinarudi mahali pake kama hakijafanya kitu. Wazungu wenyewe walishika vichwa. Toyota wakanyang'anywa pointi zote za msimu na kufungiwa miezi 12. Utawala wa Celica ukaishia hapo.

Barabarani iliendelea kuishi. Toleo la mwisho lilitoka 1999, lile lenye uso mkali kama kisu, na mwaka 2006 Toyota wakaacha kutengeneza Celica jumla.

Wenye nazo wanasemaje?

Nimeongea na watu watatu. Majina wameniomba niyaache, nami nimeyaacha.

Wa kwanza ni mzee mmoja wa Tanga, fundi mstaafu. Anayo ile ya miaka ya tisini yenye taa nne za duara mbele. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hajaiuza mpaka leo. Akacheka. "Mjukuu wangu, injini ya hii ni ukoo mmoja na RAV4 za kwanza na Nadia. Ikifa leo, kesho nimepata nyingine. Lakini kioo cha mlango kikipasuka, hapo ndipo utanikuta nalia." Anasema usukani unampa habari ya barabara mpaka kwenye vidole. Kwa maneno yake, gari za sasa zinaendesha zenyewe, wewe umebebwa tu.

Wa pili ni dada wa Dar, anaishi Tegeta, anayo ya mwaka 2001. Huyu ni mkweli hatari. Anasema milango ni mirefu, akipaki sehemu finyu anatoka kwa kujipenyeza kama mwizi. Matuta anayapanda kwa upande. Trafiki wanamsimamisha, wanaitazama, wanauliza inauzwaje. Siti za nyuma anawekea mkoba. Ila akasema kitu ambacho watu hawakijui: ukilaza siti za nyuma, buti lake ni kubwa kuliko la saluni nyingi, amewahi kubeba friji dogo. Nilipomuuliza angeirudia akipewa hela upya, hakufikiria hata sekunde. "Ndiyo. Nikishuka kazini nimechoka, nikikaa kwenye hii gari najihisi bado mimi ni mimi."

Wa tatu ndiye wa kwetu. Mzaliwa wa Kilindoni, fundi umeme, anahangaikia maisha Dar. Anayo ya mwaka 2000. Idi moja aliamua kuja nayo Mafia, akashuka nayo mpaka Nyamisati, akaingia kwenye kivuko. Kupanda tu kwenye ule mlango wa chuma, bampa la mbele liliimba. Lakini alipofika Kilindoni, watoto wote wa mtaa walikuwa nyuma yake. Mama yake aliizunguka mara mbili kisha akasema, "Mwanangu, gari gani hii mtu anaingia kama anapanda mtumbwi?"

Lami ya Kilindoni mpaka Utende ni kilomita kama 14 hivi. Anasema zile dakika chache, madirisha chini, minazi inapita pembeni, zilikuwa bora kuliko mwaka mzima wa foleni za Dar. Alipoacha lami kwenda kwa shangazi yake kijijini, raha iliisha. Alikwenda kwa gia ya kwanza, pikipiki zinampita, bodaboda mmoja akamwambia, "Kaka, nikubebe?"

Tuongee hesabu bila kudanganyana

Uzuri wa Celica ya mwisho ni kwamba ile ya kawaida imebeba injini ya 1ZZ ya lita 1.8. Ukisikia 1ZZ usiogope, ndiyo iliyomo kwenye Allion, Premio na Opa nyingi za hapa mjini. Fundi yeyote anaijua. Ubaya wake, zile za miaka ya mwanzo zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Usiponyanyua boneti kuangalia kijiti cha oili mara kwa mara, siku moja utasikia mlio ambao hutausahau.

Ipo na nyingine kali zaidi yenye injini ya 2ZZ, kwa soko la Japani ina nguvu farasi 190. Hii ukikanyaga mpaka mshale uvuke elfu sita na kitu, inabadilika tabia, kama mtu mpole aliyetukaniwa mama. Injini hiyo hiyo Waingereza wa Lotus waliichukua wakaiweka kwenye Elise yao. Lakini kwa barabara zetu na bei ya wese, utaitumia mara ngapi?

Kuagiza nje nako ni shughuli. Kwa vile zilikoma 2006, hakuna Celica iliyo chini ya miaka 10, na gari ya umri huo huku kwetu inachapwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine zote. Kwa hiyo wengi wanavizia zilizokwisha kuingia nchini. Bodi ndiyo shida kuu. Taa, bampa, vioo, milango, hivyo havikopeshani na Premio. Na kwa mtu wa pwani ongeza chumvi. Kutu inaanzia chini, kimya kimya, wewe unang'arisha rangi juu.

Kinachomnyima usingizi jamaa yetu

Sasa fundi umeme wetu amepata mteja. Mteja haitaki gari, anataka injini tu, aiweke kwenye Allion yake ya biashara. Hela ni nzuri, ipo mkononi. Na nyumbani kuna mdogo wake wa kike amechaguliwa chuo, ada haijatimia. Kaka zake wanamwambia auze, maana gari isiyobeba familia haiwezi kuwa muhimu kuliko mtoto wa familia. Hapo nani atabisha?

Yeye anasema, injini ikitoka, ile bodi hairudi tena barabarani. Itakaa uani, kuku watataga humo, miaka miwili kutu imemaliza. Na ataweza kununua Celica nyingine lini? Ameniambia anatafuta njia ya tatu: aiuze nzima kwa mtu atakayeitunza, hata kwa bei ya chini, halafu pengo la ada alijazie kwa kazi za usiku. Mpaka naandika hapa, mnunuzi wa gari nzima hajatokea, na yule wa injini anapiga simu kila siku.

Mimi nasema hivi. Ada kwanza, hilo halina mjadala. Lakini tusiseme ni bati tu. Jina la hizi gari lilijengwa kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Wajapani na Wazungu wanazitunza kwenye majumba, zinafutwa kila asubuhi. Safari Rally yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, na 2022 Toyota wakarudia ile nafasi ya kwanza mpaka ya nne kama 1993. Dunia nzima ikakumbuka Celica. Sisi tuliotoa barabara, wanetu wataikumbuka kwa kuonyeshwa nini?

Kwa hiyo kama wewe au mjomba wako anatafuta kupe iliyotunzwa, injini haijaguswa, dondosha neno hapo chini, nitawaunganisha. Na kama wewe ungekuwa yeye ungefanyaje: injini iende wiki hii, au usubiri mnunuzi wa gari nzima huku chuo kinakaribia kufunguliwa? Matusi hapana, hoja ruksa.