Kindege cha Rimoti Kilichomtoa Marilyn Monroe Kiwandani

Mtoto wa Singida Mjini akikata bua la mtama, akaunga mabawa kwa miiba na kukimbia nalo kando ya Ziwa Singidani kutafuta upepo, nyumbani ataambiwa aache michezo akashike daftari. Sawa wadau, daftari muhimu. Ila mchezo huo huo huko ng'ambo ulizaa kiwanda, kiwanda kikamtoa staa.

Turudi Hollywood, mwaka 1934. Reginald Denny, mwigizaji Mwingereza aliyevuma enzi za filamu zisizo na sauti, na ambaye wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alitumikia kikosi cha anga cha Uingereza, alifungua duka la vindege vya kuchezea. Mteja ananunua boksi, ndani kuna vijiti vya balsa, mbao nyepesi ajabu, na mchoro wa kufuata. Kazi inayobaki ni gundi na subira. Bawa moja likipinda kidogo tu, kindege kinakwenda upande na kula mchanga.

Kukiongoza kwa redio ndiyo ilikuwa kasheshe, maana redio na betri za wakati ule zilikuwa nzito. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Kalamazoo, Marekani, Walter na William Good, waliweza. Mmoja fundi wa vindege, mwenzie mtu wa redio. Na unajua usukani waliugeuza na nini? Rababendi iliyosokotwa! Ishara ya redio ilifungua tu kizuizi, nguvu ikatoka kwenye mpira. Kindege chao kimehifadhiwa makumbusho ya Smithsonian.

Denny naye hakuishia dukani. Yeye na wenzake walikuza kindege hadi mwaka 1940 jeshi la Marekani likampa oda, liwe shabaha ya wapiga mizinga wanaojifunza. Toleo la OQ-2 lilikuwa na bawa la mita 3.7 na uzito wa kilo 47, linarushwa kwa manati kubwa. Wapigaji wakikosa, linashuka kwa parachuti, kesho linarushwa tena. Hadi vita inaisha kampuni yake, Radioplane, ilikuwa imetengeneza karibu 15,000.

Sasa utamu wenyewe. Wanaume wako vitani, kwa hiyo kiwandani wamejaa wanawake. Binti mmoja, mumewe yuko baharini na meli za mizigo, kazi yake ni kukagua maparachuti na kupulizia dawa kwenye miili ya ndege. Siku hiyo akaja mpiga picha wa jeshi, David Conover, katumwa kupiga picha akina mama wanaochapa kazi. Bosi wake alikuwa kapteni Ronald Reagan, ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais. Binti akapigwa picha kashika propela, anacheka. Aliitwa Norma Jeane Dougherty. Mwaka 1946 akasaini na studio ya filamu, wakampa jina jipya: Marilyn Monroe.

Denny angefika Rwanda leo angeshangaa. Tangu 2016 ndege za Zipline zisizo na rubani zinapeleka damu hospitalini: zinarushwa kwa manati, na boksi la damu linashuka kwa parachuti. Kwetu, mwaka 2018 ilitangazwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa barabara ni kama kilomita 240, saa sita. Ndege ile rota zake zinageuka: inapaa kama helikopta, ikishafika juu inakata upepo kama ndege ya kawaida.

Anayetaka kurusha yake Singida aanze na kibali cha TCAA, hapo hakuna ujanja. Kisha upepo. Huu wa Singida, uliowavuta wanaotaka kuzalisha umeme, ukikikuta kindege cha foamu ambacho mkia ni mzito unakipindua hapo hapo. Fundi anasogeza betri mbele kidogo, anakishika chini ya mabawa kwa vidole viwili, akiona pua inainama kidogo anajua kiko tayari. Cha bua hakina betri. Kidonge cha udongo puani kinatosha.