Pikipiki ya mtumba ya Kiitaliano: Bei ni mwanzo tu wa gharama

DARAJA la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuiunganisha Misungwi na Sengerema bila kusubiri kivuko. Lami ndefu ya namna hiyo humfanya mpenda pikipiki atamani chombo chenye nguvu kuliko Boxer, na majina ya Kiitaliano kama Ducati, Aprilia na Moto Guzzi ndiyo huja haraka akilini.

Hata hivyo, kwa pikipiki ya mbio iliyokwisha tumika, swali la kwanza si bei, bali ni nani ataitunza.

Injini

Ducati ilianzishwa Bologna mwaka 1926 kwa kutengeneza vifaa vya redio, na iliingia katika pikipiki baada ya Vita Kuu ya Pili. Injini zake nyingi hutumia mfumo uitwao desmo, ambamo valvu hufungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi. Kupima nafasi za valvu hizo kunahitaji fundi aliyeuzoea mfumo huo.

Aidha, modeli nyingi za miaka ya 1990 na 2000, zikiwamo 916 na Monster, zina mikanda ya taimingi ya mpira. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki ilikuwa imelala stoo. Mkanda ukikatika, valvu zaweza kugonga pistoni na injini ikaharibika. Kwa sababu hiyo, kilometa chache kwenye dashibodi hazimhakikishii mnunuzi lolote. Adai risiti ya mikanda. Ikikosekana, gharama ya mikanda mipya ipunguzwe katika bei.

Wenzake wana nafuu kidogo. Aprilia RSV Mille ilifungwa injini ya Rotax ya Austria, inayotumia mnyororo wa taimingi. Moto Guzzi, inayotengenezwa kando ya Ziwa Como tangu 1921, huzungusha gurudumu kwa shafti, na valvu za modeli zake za zamani hurekebishwa kwa urahisi.

Vipuri

Boxer ikiharibika, fundi wa kijiweni huimaliza siku hiyohiyo. Kipuri cha Kiitaliano aghalabu huagizwa nje ya nchi, na muda wote wa kukisubiri pikipiki hulala. Anayetegemea chombo kwa riziki ya kila siku alitafakari hilo kabla ya kutoa fedha.

Nyaraka

Namba ya fremu ilinganishwe na iliyo kwenye kadi ya usajili. Namba za Ducati huanza na herufi ZDM, za Aprilia ZD4 na za Moto Guzzi ZGU. Zikiwa zimekwaruzwa au kugongwa upya, mnunuzi aachane na biashara hiyo.

Mauziano yaandikwe kwa mkataba, kisha umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kubaki na kadi yenye jina la mtu mwingine ni hatari kwa pande zote mbili: ajali ikitokea, mwenye jina ndiye hutafutwa kwanza, na mnunuzi hushindwa kuthibitisha kuwa chombo ni chake.

Bima ya kuwalinda watu wengine ni lazima kisheria. Leseni nayo iwe ya daraja A, kwani A1 ni ya pikipiki ndogo.

Mnunuzi makini hubakiza akiba ya matengenezo ya kwanza kabla ya kukubali bei.