Uungwana na Ustaarabu: Historia ya Vipimo Viwili vya Mwenendo

Aghalabu wahakiki humsifu mhusika mwenye kauli njema na mwenendo mzuri kwa kumwita muungwana au mstaarabu, kana kwamba maneno haya ni visawe. Historia yake ni tofauti.

Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa kwanza mtu huru, kinyume cha mtumwa. Adabu ya ulimi ilikuwa alama ya hadhi hiyo. Ndiposa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika visiwa vya Lamu mnamo 1858, unamwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Ustaarabu, kwa upande wake, ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuwa kama Mwarabu. Randall Pouwels (1987) ameonyesha kuwa lilishika nguvu katika karne ya 19, chini ya utawala wa Kiomani wa Zanzibar.

Wakati huohuo, watu wa misafara ya bara, baadhi yao watumwa, walijiita waungwana, na Kiswahili chao nchini Kongo kikaitwa Kingwana. Walionyimwa jina walilitwaa.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, ilhali maneno yalisalia. Mhakiki anayemwita mhusika mtumwa "mstaarabu" humpima kwa kipimo cha mabwana wake. Neno utu, lisilodai nasaba, lingemfaa zaidi.