Taa ya Ford iliyohesabu vumbi
Sisi tunaounda saketi za vihisi vya vumbi tuna deni kwa taa ya mbele ya gari la Ford. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Frank Gucker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitafuta namna ya kupima vichujio vya barakoa za gesi. Waliimulika hewa iliyopita kwenye vichujio kwa taa hiyo ya Ford. Kila chembe iliyopita ikatawanya mwanga, seli ya mwanga ikatoa mpigo hafifu wa umeme, nao ukakuzwa hadi ukahesabika. Chembe za mikromita 0.6 ziligunduliwa, tena kwa taa ya gari! Mimi leo natumia leza na fotodayodi, ila bado nahangaika kukuza mpigo bila kukuza kelele za saketi yenyewe. Hatujawasifu wale wazee inavyostahili.